Mbungo au mpasheni: upi wa kupanda Tanga?

Wenye viwanja Pongwe, Mabokweni na Kange wanaotafuta mmea wa kutambaa unaozaa matunda huishia kwenye majina mawili: mbungo na mpasheni. Si ajabu. Yote miwili hupanda juu, shina la kila mmoja hukomaa likawa gumu, na matunda ya kila mmoja huishia kwenye jagi la juisi mezani. Basi watu huanza kulinganisha matunda: lipi tamu, lipi chachu, lipi lina bei sokoni. Kwangu mimi hayo ni maswali ya mwisho. Kabla hujauliza utakunywa nini, uliza mmea huo utapanda juu ya nini, na kipande hicho cha ardhi utakuwa nacho kwa miaka mingapi. Ukijibu hayo mawili kwa ukweli, kazi kubwa ya kuchagua umeshaimaliza.

Mmoja wa msituni, mwingine wa kwenye waya

Mbungo ni mmea wa kwetu. Wataalamu wa mimea wanauita Saba comorensis, na huota wenyewe katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki hadi Komoro na Madagaska. Hupenda kando ya mito na kingo za msitu, mahali ambapo mizizi inapata unyevu na kichwa kinapata jua. Shina lake huanza jembamba, likazeeka likawa kamba nene ya mti inayopita kutoka tawi hadi tawi, majani yanayong'aa yakijaa juu kabisa. Kufika mita 20 si jambo kwake. Maua yake ni meupe yenye koo la njano, hutoka kwa vishada na hunukia vizuri sana. Mtu asiyejua anaweza kudhani kuna mwasumini karibu. Kisha huja mabungo yenyewe, mviringo, gamba gumu, yakiwa ya kijani kwanza na kugeuka rangi ya chungwa yakiiva.

Mmea wa namna hiyo hauwekwi kwenye kichanja cha mirunda miwili. Utakibeba kichanja badala ya kichanja kuubeba. Unataka mti mkubwa ulio hai, na mti huo lazima uwe ule usioutegemea kwa mavuno, kwa sababu mbungo ukishafika juu hutandaza majani na kumnyima mwenyeji wake jua. Hapa ndipo ninapowasihi watu wa Muheza hasa: usiuache mbungo ushike mchungwa. Usiupeleke kwenye mkorosho wala kwenye mwembe unaouza. Kwenye mnazi ndiyo usithubutu, kwani mkwezi atapita wapi? Tafuta msufi, mkwaju mkongwe, mkuyu, au ule mwembe wa kienyeji uliopandwa na babu, ambao embe zake watoto wanaokota tu na hakuna anayezihesabu.

Kama mti huna lakini moyo wako uko kwa mbungo, bado kuna njia. Mmea huu usipopata cha kupanda hujikunja na kuwa kichaka kipana. Unaweza kuupogolea kila mwaka na kuuelekeza juu ya banda imara la nguzo nene, ukawa kivuli cha kukalia. Lakini hiyo ni kazi ya panga isiyoisha, na lazima upende kuifanya.

Mpasheni ni habari nyingine kabisa. Jina lake la kitaalamu ni Passiflora edulis, na asili yake ni Amerika ya Kusini: Brazili, Paragwai na kaskazini mwa Ajentina. Wazee wengi wa pwani bado wanauita mkarakara. Unashika kwa vikono vyembamba vinavyojisokota, na vikono hivyo vinataka kitu chembamba cha kukamata, ndiyo maana waya unaupenda kuliko ukuta. Nguzo zinazobaki mita 2 juu ya ardhi, waya mnene mmoja juu, miche mita 3 kwa mita 3 au ikikaribiana kidogo kuliko hapo, umemaliza. Uzio wa seng'enge unaozunguka kiwanja chako nao unatosha. Hauhitaji mti wala shamba kubwa, na ua wa nyuma wa nyumba ya Chumbageni unaweza kubeba mipasheni mitatu minne bila kugombana na kamba ya kuanikia nguo.

Tofauti hii peke yake inatosha kumwamulia mtu. Mwenye kiwanja kidogo cha mjini asijidanganye na mbungo. Na mwenye ekari zake Pangani au Mkinga, zenye miti mikubwa iliyosimama bila kazi, asikimbilie kununua waya kabla hajaitazama miti hiyo vizuri.

Miezi na miaka

Mpasheni uliooteshwa kwa mbegu huanza kuzaa ndani ya miezi 9 hadi 12 tangu kupandwa shambani. Mwaka wa pili na wa tatu ndiyo neema yake. Baada ya hapo mavuno hupungua, shina huchoka, magonjwa humpata mnyonge, na mkulima mwerevu huwa ameshaandaa miche mingine kwenye viriba. Hivyo uuhesabu kuwa ni zao la miaka mitatu, minne hivi, la kupandwa upya.

Mbungo unataka miaka kadhaa kabla haujakuonyesha tunda, na miaka ya mwanzo utauona kama unalala. Ukiamka, unakaa. Wanaochuma mabungo vijijini aghalabu wanachuma kwenye kamba zilizokuwapo tangu utoto wa wazazi wao, na hakuna aliyezimwagilia wala kuzitilia samadi.

Kwa hiyo mpangaji, au mwenye kiwanja anachokusudia kukiuza, apande pasheni. Mwenye shamba la ukoo ambalo hakuna anayefikiria kuliuza ana sababu nzuri ya kupanda mbungo, na bora aupande sasa kuliko mwakani.

Ukichagua pasheni, bado hujamaliza kuchagua

Kuna pasheni ya zambarau na kuna ya njano, na kwa mtu wa Tanga mjini hili ni jambo zito kuliko lile la bungo na pasheni. Zile ndogo za zambarau tunazozipenda, zinazoshuka kutoka Lushoto, ni za nchi ya baridi. Zinakaa vizuri kuanzia kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari kwenda juu, na mji wa Lushoto uko karibu na mita 1,400. Kila mwaka kuna mtu anayenunua pasheni hizo, anapenda utamu wake, anahifadhi mbegu na kuziotesha Raskazone au Usagara. Miche inaota, inapanda kwa furaha, kisha joto na magonjwa ya udongo wa pwani vinaimaliza kabla haijalipa chochote.

Ya njano ndiyo ya kwetu. Inastahimili joto la usawa wa bahari, tunda lake ni kubwa zaidi, na mizizi yake inavumilia mnyauko unaoletwa na ukungu wa udongoni pamoja na minyoo ya mizizi kuliko ile ya zambarau. Uvumilivu huo ndiyo sababu wakulima wa nchi nyingi huchukua shina la njano na kubebesha juu yake kikonyo cha zambarau. Ladha yake ni kali zaidi, ni kweli, na mla pasheni kwa kijiko atakunja uso. Kwa juisi, ukali huo ni faida: unaweka maji mengi zaidi na bado ladha inabaki.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauza miche hawalisemi. Mpasheni wa njano haujichavushi. Ua likipokea chavua ya mmea uleule, tunda halifungi. Ndiyo maana unasikia watu wakilalamika, "Maua kibao, pasheni hata moja," na wanadhani mmea wao ni dume. Si dume. Uko peke yake. Au ipo mitatu, lakini yote imetoka kwenye vipandikizi vya mama mmoja, na kwa uchavushaji hiyo inahesabika kuwa mmoja tu. Dawa yake ni kupanda miche iliyotoka kwenye mbegu za matunda tofauti, ikiwezekana kutoka mashamba tofauti, na isipungue miwili mitatu mahali pamoja. Pasheni ya zambarau haina shida hii, na pengine ndiyo maana walioizoea ya milimani wanashangaa wakihamia ya njano.

Hata ukiwa na miche tofauti, chavua ya pasheni ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Inahitaji mdudu mkubwa. Nyuki wa asali huja, lakini mara nyingi anachukua chavua na kuondoka bila kugusa panapotakiwa. Fundi wa kazi hii ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao na kupiga kelele akipita, ambaye wengi tunamfukuza kwa ufagio kwa kuwa anaharibu boriti za paa. Muache. Mwekee magogo makavu au vipande vya mianzi pembeni mwa kichanja ili atoboe huko badala ya kutoboa nyumba. Na usipulizie dawa ya wadudu mchana. Ua la njano hufunguka saa sita hivi mchana na kufunga usiku, na alasiri ndiyo saa ya nyuki huyo kufanya kazi. Ua la zambarau lenyewe hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, kwa hiyo maelekezo ya kupulizia uliyopewa na mkulima wa milimani usiyachukue yalivyo.

Nyuki wakikosekana, fanya mwenyewe. Saa nane mchana pita na kijiti chenye pamba, chukua chavua ya mmea mmoja, paka kwenye vichwa vitatu vilivyo katikati ya ua la mmea mwingine. Kwa mipasheni minne ya nyumbani ni kazi ya dakika chache na mtoto wa shule anaimudu. Siku ya mvua usihangaike, kwani chavua ikiloa hupasuka na kazi yote inapotea. Masika ikikaza, tarajia maua mengi yapite bure.

Tunda likishika, siku 60 hadi 80 baadaye linaiva na kuanguka lenyewe. Usilichume juu. Safisha chini ya waya, tandaza nyasi kavu, uokote kila siku. Lililolala chini siku nyingi kwenye udongo wenye maji linaoza upande mmoja na kuwahiwa na mchwa.

Lipo jambo moja tunalobarikiwa nalo bila kulifanyia kazi. Mpasheni unahitaji mchana mrefu ili uchanue, na nchi zilizo mbali na ikweta hukaa miezi bila maua. Tanga ipo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, mchana wetu haupungui kiasi cha kuudhuru. Kinachoamua msimu wetu ni maji: vuli na masika zinavyokuja, na wewe unavyomwagilia katikati.

Kazi, magonjwa na wanyama

Hapa mbungo unashinda bila ubishi. Ukivuka mwaka wa kwanza na wa pili kwa kumwagiliwa kiangazi na kulindwa dhidi ya mbuzi, haukuombi kitu. Kazi iliyobaki ni kukata matawi yanayoelekea usikotaka na kulinda tunda lisiliwe na wenye mkia. Tumbili na nyani wanapenda mabungo kuliko tunavyoyapenda sisi, na wao ndio waliolisambaza tunda hili misituni tangu zamani kwa kumeza kokwa. Sokwe wa Gombe kule Kigoma wanalihesabu kuwa moja ya vyakula vyao vikubwa. Ukiwa na shamba linalopakana na msitu, jiandae kugawana. Kupanda juu mtini kuyachuma nako si kwa kila mtu. Wengi husubiri yaanguke au hutumia upondo mrefu wenye ndoana.

Mpasheni ni mmea wa kulelewa. Unataka samadi, maji ya uhakika kiangazi, na kupogolewa, kwa sababu huzaa kwenye machipukizi mapya na ukiuacha ujisonge utapata majani matupu. Una mnyauko, una madoa ya kahawia kwenye majani na matunda, una virusi vinavyofanya gamba kuwa gumu na nene huku ndani mkiwa na juisi kidogo. Virusi hivyo hubebwa na vidukari na hata na kisu cha kupogolea, basi futa kisu kila unapohama mmea, na uliougua uung'oe uuchome moto. Usiuonee huruma. Upepo wa baharini pia unauumiza. Walio karibu na pwani kabisa, ambako kusi inavuma na chumvi yake, waweke kichanja nyuma ya ukuta au safu ya miti.

Udongo unaotuamisha maji hauufai hata kidogo. Sehemu za Tanga zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, inua tuta kwanza ndipo upande. Mbungo hausumbuki sana na hilo, maana kwao ni kando ya mito.

Utomvu wa mbungo

Atakayepanda mbungo ajue una utomvu mweupe kila mahali: kwenye jani, kwenye shina, na zaidi kwenye bungo bichi. Unanata vidoleni na kuacha doa kwenye nguo lisilotoka kwa kufua mara moja. Chuma yaliyoiva, kwa kuwa bichi halina faida kwa mtu, halafu paka mafuta ya nazi mikononi kabla ya kuanza. Huondoka kirahisi.

Utomvu huohuo una historia yake kwenye pwani hii. Watoto waliufanya ulimbo wa kunasia ndege. Na mtoria, ndugu wa karibu wa mbungo, ndio uliotoa mpira wa porini uliosafirishwa kwa wingi kutoka pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, kabla mashamba ya mpira wa kupandwa hayajatawala soko la dunia. Wataalamu waliupa mtoria jina la Landolphia kirkii kwa kumkumbuka John Kirk, aliyekuwa konsuli wa Uingereza Zanzibar. Nao huzaa matunda yanayolika, madogo kuliko mabungo. Ukiambiwa na mtu "hii ni miche ya mabungo," hakikisha umeliona tunda la mama yake, kwa sababu ndugu hawa wakiwa wadogo wanafanana sana majani.

Mezani

Bungo halina haraka. Unaligonga gamba likapasuka, ndani unakuta kokwa zilizovikwa nyama ya njano yenye nyuzi, chachu na tamu kwa pamoja. Kuna wanaozimumunya hivyohivyo na kutema kokwa, wengine huongeza chumvi na pilipili. Senegali nao wana ndugu yake, Saba senegalensis, wanayemwita madd, na wao pia humla kwa sukari, chumvi na pilipili, jambo linaloonyesha kuwa ulimi wa pwani mbili hizi umefika mahali pamoja bila kuambizana. Kwa juisi, loweka kokwa kwenye maji, zifikiche kwa mkono au mwiko mpaka nyama iachie, chuja, tia sukari. Usiziweke kwenye blenda ukaiacha izunguke sana, kwani kokwa zikisagika juisi inakuwa chungu na unapoteza kila kitu. Rangi inayotoka ni ya njano nzito, na harufu yake haina mfano kwenye tunda lingine ninalolijua.

Pasheni ni nyepesi kutayarisha. Kata katikati, kamua ndani, piga kidogo, chuja. Karibu theluthi moja ya uzito wa tunda ndiyo juisi, iliyobaki ni gamba na mbegu. Ina vitamini C ya kutosha, na inachanganyika vizuri na embe, nanasi au papai. Hapo ndipo inapolishinda bungo: bungo ukilichanganya na kitu kingine, linatawala.

Mapenzi yangu ni kwa bungo, sifichi. Likiwa baridi, wakati wa futari, hakuna juisi ya pasheni itakayoligusa. Lakini ninaandika kwa mtu anayetaka kuchagua, na ulimi wangu usimchagulie.

Sokoni

Pita Mgandini uone mwenyewe. Pasheni zipo karibu kila wakati, za zambarau kutoka milimani na za njano kutoka huku chini, zinauzwa kwa kilo au kwa fungu. Bungo linakuja kwa msimu wake, limefungwa kwenye kiroba, na muuzaji mara nyingi ni mama aliyeshuka nalo asubuhi kutoka kijijini. Ukimuuliza, "Shikamoo mama, haya yameiva kweli?" atakujibu, "Marahaba mwanangu, nusa," na harufu itakujibu kwa niaba yake. Gamba lake gumu linavumilia safari ya basi na ya boti, na ng'ambo, Pemba na Unguja, juisi ya mabungo ina wapenzi wengi.

Kwa mwenye nia ya kuuza, tofauti kubwa ipo kwenye kalenda. Kilele cha biashara ya juisi ni Ramadhani, na Ramadhani inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka mmoja itakutana na msimu wa mabungo yako, miaka mingine itapita pembeni kabisa. Mpasheni unaomwagiliwa una nafasi kubwa ya kuwa na matunda wakati wowote mwezi huo utakapoingia. Mwenye mabungo anaweza kujilinda kwa kuyagandisha: toa kokwa na nyama yake, funga kwenye mifuko ya kiasi cha jagi moja moja, weka kwenye friza. Anayekatiwa umeme mara kwa mara asiiwekee hesabu kubwa njia hii.

Upande wa ushindani ni tofauti. Pasheni utashindana na Lushoto yote. Mabungo utashindana na wachache, kwa kuwa mengi bado yanatoka kwenye kamba za porini, na kamba hizo zinapungua kila shamba jipya linaposafishwa. Hili linaniumiza. Mtu anafyeka mbungo uliozaa miaka mingi ili apande mahindi ya msimu mmoja, wakati angeuacha kwenye mti wake wa mpakani na asipoteze hata tuta. Kama una mbungo wa asili shambani kwako, hiyo miaka ya kusubiri umeshazawadiwa. Usiukate. Safisha chini yake, punguza matawi yanayoonea mazao, uanze kuchuma.

Na pilipili manga je?

Wa Muheza juu na vijiji vya kuelekea Amani wataniuliza, maana nayo ni mmea wa kutambaa wenye shina gumu na tunda linaloliwa. Kwa wao, kama lengo ni fedha, hii inaweza kuwa jibu bora kuliko yote mawili. Inapenda mvua nyingi, kivuli chepesi na mti hai wa kupandia kama mfenesi, na ikikauka vizuri haiozi ukisubiri bei. Inahitaji kama miaka mitatu minne kufika mavuno ya kueleweka. Lakini kwa Tanga mjini na ukanda mkavu wa pwani siipendekezi.

Nani apande nini

Una nyumba mjini, ua mdogo, unataka juisi ya watoto mwakani: pasheni ya njano, miche mitatu kutoka kwenye matunda tofauti, kwenye uzio. Unataka kuuza na uko tayari kuamka asubuhi kumwagilia na kupogolea: pasheni ya njano tena, na utenge eneo la pili la kuhamia mwaka wa tatu ili usirudishe miche kwenye udongo ulioshika mnyauko. Una shamba la ukoo, mti mkubwa usio na kazi, na hutaki kibarua cha kila wiki: mbungo. Una shamba linalopakana na msitu wenye tumbili wengi na hakuna anayelala huko: usipande wowote kati ya hii miwili kwa ajili ya soko.

Na mwenye nafasi ya kutosha, kwa nini asipande yote miwili? Mpasheni utampa juisi huku mbungo ukijijenga. Kitu cha kuzingatia ni umbali tu, ili mbungo ukipata nguvu usiufuate waya wa pasheni na kuuangusha.

Mbegu za mbungo usizikaushe na kuziweka kabatini. Panda kokwa mbichi mara baada ya kula, ukishaziosha nyama, kwenye viriba vyenye udongo wa msituni na samadi iliyooza, chini ya kivuli. Mbegu za pasheni nazo ni bora zikiwa mbichi, na huota ndani ya wiki mbili tatu. Miche ya pasheni ikifika urefu wa sentimita 30 hivi iko tayari. Ya mbungo iache kwenye kiriba mpaka shina lianze kuwa gumu, kisha uipande mita moja unusu hivi kutoka kwenye shina la mti mkubwa, upande unaopata jua la asubuhi, na uiwekee kamba au kijiti cha kuiongoza hadi kwenye tawi la kwanza. Shimo liwe la sentimita 50 kila upande kwa mimea yote miwili. Chimba Februari, changanya samadi, uliache, na mvua za kwanza za masika zikishalowesha udongo mwezi Machi, panda jioni.